Nendeni Shaxi, mkalale Alhamisi

Swali la wiki lilikuwa hili: "Ni mji gani mdogo wa ugenini ungemwelekeza msomaji mwenzako, na ungemwambia afike lini?" Wangu ni Shaxi, mkoani Yunnan, kusini magharibi mwa China. Afike Alhamisi jioni, alale, Ijumaa imkute hukohuko.

Nilisoma Kunming, mji mkuu wa mkoa huo, na pale kila mgeni huambiwa aende Lijiang, mji wa kale wa watalii. Lijiang ni pazuri, sibishi, lakini usiku ni ngoma na taa tu, na duka hili linauza kilekile kinachouzwa na la jirani. Shaxi iko njiani kabla hujafika huko, ndani ya wilaya ya Jianchuan, kwenye bonde la mashamba lililozungukwa na milima, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake wengi ni Wabai, watu wenye lugha yao na mavazi yao, na mafundi seremala wa Jianchuan wana sifa Yunnan nzima kwa kuchonga milango na madirisha.

Wageni wengi husifu utulivu wa Shaxi kana kwamba uliumbwa nao. Haukuumbwa nao. Mji ule ulikuwa soko na kituo cha misafara, na ulitulia kwa sababu biashara iliuhama. Asiyelijua hilo atapiga picha za mapaa ya vigae na kuondoka bila kuelewa alichokiona.

Chai ilitoka kusini, Pu'er na Xishuangbanna, ikiwa imeshindiliwa ikawa ngumu kama matofali ili isiharibike njiani. Ilipandishwa kwa migongo ya farasi na nyumbu wa mizigo kupitia Dali na Shaxi, ikaendelea milimani hadi Lhasa, mji mkuu wa Tibet. Watu wa Tibet waliihitaji kwelikweli, maana nyanda zile za juu hazioti mboga nyingi, na wao huinywa na siagi ya maziwa ya yak, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, na chumvi. Huko nako kulishuka farasi, ngozi, manyoya na dawa za mitishamba. Lakini Shaxi haikuishi kwa chai peke yake. Katika milima iliyo jirani kuna visima vya maji ya chumvi, Misha na Qiaohou vikiwa miongoni mwake. Maji yalichemshwa mpaka chumvi ikabaki, na serikali za wafalme zikaikodolea macho kwa ajili ya kodi. Anayeijua Uvinza, kule Kigoma, na jinsi chumvi yake ilivyozunguka na misafara ya Ujiji, hahitaji maelezo zaidi.

Sasa ingia uwanja wa Sideng, ambao ndio moyo wa mji. Umetandazwa mawe mekundu, na miti miwili mikongwe inautilia kivuli. Upande mmoja kuna hekalu la Kibudha la Xingjiao, na upande unaolitazama kuna jukwaa la michezo ya kuigiza lenye pembe za paa zilizopinda juu. Pembeni ni maduka ya ghorofa moja na nyumba zilizolaza misafara, zenye ua ndani ambamo wanyama walishushwa mizigo na kupewa malisho. Kirangozi wa msafara aliweza kulaza farasi, kuuza mzigo, kufukiza ubani hekaluni na kuangalia mchezo usiku bila kutoka uwanjani. Ukitaka kuuelewa mpango huo, usisimame katikati. Toka kwa lango la mashariki, lile la udongo, ushuke hadi mto Heihui na daraja la Yujin, la mawe, lenye tao moja tu. Kisha geuka, uingie mjini kwa upande ambao farasi waliingilia.

Hekalu la Xingjiao lilijengwa 1415. Mwaka huo ulinishtua kidogo niliposikia, kwani ndio mwaka ambao wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya Yongle, mfalme wa China. Na Zheng He, amiri wa zile meli kubwa za China zilizokuja kufika hadi pwani yetu, alikuwa mtu wa Yunnan hiyohiyo, mzaliwa wa Kunyang kando ya ziwa Dianchi, katika familia ya Kiislamu. Sidai kwamba twiga yule na hekalu lile vina uhusiano. Nasema tu kwamba tunapouita mkoa huu pembe iliyojificha ya China, tunasahau kuwa ulikuwa na njia zake za kutokea.

Misafara ilichangamka tena wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wajapani walipoikata mwaka 1942 barabara ya Burma, iliyokuwa ikiipelekea China mahitaji ya vita, njia ya farasi kupitia Lhasa hadi India ikageuka ya maana kuliko zamani. Baadaye, katika miaka ya 1950, zikaja barabara za magari, na barabara kuu ikapita kwingine. Farasi hakuwa na la kufanya mbele ya lori. Shaxi ikabaki pembeni na majumba yake ya matofali mabichi, ambayo hakuna aliyekuwa na fedha za kuyabomoa na kuweka zege. Ndiyo maana sipendi kuusifia sana ule utulivu. Kwa waliokuwa wakiishi pale ulikuwa ukosefu wa kazi.

Soko la Sideng liliingizwa katika orodha ya mwaka 2002 ya World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ya maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani. Wataalamu wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, wakashirikiana na serikali ya wilaya ya Jianchuan kulikarabati. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Hawakuvunja wakajenga upya "kwa mtindo wa kale", kama ilivyofanyika katika miji mingi. Mbao zilizooza tu ndizo zilizobadilishwa, kuta zilizoinama zikaimarishwa, rangi zilizofifia zikaachwa zimefifia. Ukiangalia nguzo kwa makini utaona mahali ubao mpya ulipoungwa na wa zamani, na fundi hakujaribu kukuficha.

Kwa nini basi Ijumaa? Kwa sababu ndiyo siku ya gulio. Siku hizi halifanyiki uwanjani, limehamia upande wa barabara ya magari, na watalii wengi hawalioni kwa kuwa wamekaa kwenye mikahawa wakinywa kahawa. Wabai wa bondeni na Wayi, kabila jingine, la milimani, hufika na vikapu migongoni: jozi, pilipili, uyoga, vifaranga, miche, majembe, na jibini ya maziwa ya ng'ombe iliyovutwa ikawa utando, ikaanikwa vijitini. Akina mama huikaanga ikafura. Bei hutajwa kwa Kibai, Kichina changu cha darasani kikawa hakina kazi, tukabaki kuoneshana vidole. Nilicheka nao sana.

Ukiwa na siku ya ziada, panda mlima Shibao. Kwenye mapango ya Shizhong kuna sanamu zilizochongwa katika mwamba tangu karne ya 9, wakiwemo wafalme wa Nanzhao, ufalme wa kale wa Yunnan, na watumishi wao. Katika pango mojawapo, miongoni mwa sanamu za Kibudha, umechongwa uke wa mwanamke, na wanawake hufika kuupaka mafuta na kuomba watoto na uzazi salama. Jiwe lake linang'aa kwa kushikwa. Chunga chakula chako, milima ile ina nyani wasioogopa mtu.

Njia ni rahisi. Treni ya kasi kutoka Kunming hadi Dali huchukua saa kama mbili, kisha basi la Jianchuan, na pale kuna magari madogo ya abiria ya kwenda Shaxi. Weka Alipay au WeChat, programu za kulipia, kwenye simu kabla ya safari, maana noti huwasumbua wauzaji kutafuta chenji. Kwa Waislamu wenzangu: mapishi ya Shaxi yana nguruwe kwa wingi, na mafuta yake huingia hata kwenye mboga. Jaza akiba Dali, ambako Wahui, Waislamu ambao zamani walikuwa mabingwa wa misafara, wana migahawa ya halali. Juni hadi Septemba mvua hunyesha sana, ila ndio msimu wa uyoga. Wiki ya kwanza ya Oktoba usiende kabisa. China nzima iko likizo, na chumba ukikipata utakilipia mara mbili.