Kinga ya Programu Isiyo Kamilifu: Ibaki au Iondolewe?

Katika kazi yangu ya kusimamia mifumo ya kompyuta, wenzangu huniuliza mara kwa mara kama kuna faida ya kuweka kinga ambayo kila mtu anajua kwamba inaweza kupenywa. Naamini faida ipo, ila haipimwi kwa mashambulizi yanayozuiwa peke yake. Hupimwa pia kwa mambo ambayo watu huacha kuyafanya kwa sababu kinga hiyo ipo.

Namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi ina udhaifu unaofahamika, kwa kuwa mhalifu anayefanikiwa kusajili upya laini yako ataipokea yeye, na tangu 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeiwekea masharti. Hata hivyo, wezi wengi hawamwindi mtu mmoja, bali hujaribu kwa wingi nywila zilizovuja, na hao ujumbe huo huwakwamisha. Asiye na njia bora zaidi, namsihi asiuzime.

Kinga ninayoiogopa ni ile inayouliza bila kukoma. Niliwahi kuketi kando ya karani aliyekuwa akifuta kumbukumbu, nikaona akibonyeza "Ndiyo" kabla kisanduku cha "Je, una uhakika?" hakijamaliza kujitokeza, na huyo ni miongoni mwa watu makini sana niliofanya nao kazi. Mahali pa onyo hilo tuliweka uwezo wa kurudisha kilichofutwa, na huo ulimfaa zaidi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuiamini kinga moja hadi kuondoa nyingine. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, iliachia programu kazi ya vizuizi vya usalama vya umeme na vya kimitambo ambavyo mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa navyo. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Baadaye ilibainika kwamba hitilafu mojawapo ilikuwamo hata katika programu ya Therac-20, isipokuwa kule fyuzi zilikuwa zikikatika tu na mgonjwa akasalimika. Vizuizi hivyo viliokoa watu, lakini pia vilificha kosa, kwa sababu hakuna aliyefuatilia kwa nini fyuzi zinakatika. Ndiyo maana nashauri kila kinga iweke kumbukumbu kila inapozuia jambo, na kumbukumbu hizo zisomwe na mtu mwenye uwezo wa kurekebisha chanzo chake.