Muulize Mjomba: Nitajuaje hanga la kuaminika?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi niko hapa Mtwara, bosi wangu ana ndege ndogo, Cessna 206, anayozungukia nayo Kilwa na Mafia, sasa imefikia sevisi ya masaa 100 ya kuruka na kanitupia mzigo mimi nitafute hanga, yaani gereji ya ndege, Dar au Arusha, wakati mie nimezoea mambo ya Fuso tu. Nimepata mawili, yote yana kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Moja bei imechangamka, ofisi ina kiyoyozi na kahawa, lingine la kawaida bei poa. Nachaguaje hapo?

JIBU: Marahaba mpwa. Kibali kisome, usikitazame tu ukutani, maana kinaandika aina za ndege na injini wanazoruhusiwa kushika. Kama 206 haimo, hata hiyo kahawa usimalize.

Kikiwa sawa, fanya kama ghalani msimu wa korosho, hakuna anayepima gunia kwa kuangalia za juu, unachoma bambo utoe za ndani. Omba uingie ndani kazi ikiwa inaendelea. Tazama ubao wa vifaa, kila spana inakuwa imechorewa umbo lake, sasa ukiona umbo tupu uliza iko wapi na kaichukua nani, wakianza kutazamana ujue hapo pana shida, kwa sababu bisibisi iliyosahaulika kwenye Fuso itakupigia kelele tu, kwenye ndege inaweza kukwamisha nyaya za usukani. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza bolti, nayo iwe na stika ya lini ilipimwa usahihi.

Halafu sasa hapa ndo watu wa gereji mnapopotea. Kwetu fundi hodari ni yule anayejua kila kitu kichwani si ndio? Kwenye ndege huyo mie namuogopa. Mwaka 1990 ndege ya British Airways imetoka Birmingham, ikiwa hewani kioo cha mbele kikachomoka, kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka msaidizi wake akatua Southampton, na jamaa akapona (sijui niiteje hiyo bahati). Kumbe kile kioo kilikuwa kimebadilishwa hata siku mbili hazijapita, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba, kasoro kama milimita 0.66 tu. Aliyezifunga hakuwa mwanagenzi, alikuwa msimamizi wa zamu, ila alizilinganisha na ya zamani kwa macho badala ya kufungua kitabu cha spea.

Kwa hiyo muulize fundi yeyote pale, hii bolti inakazwa kwa nguvu kiasi gani? Akikutajia papo hapo huku anacheka, mh. Akienda kufungua kitabu, huyo wako. Spea nazo hivyo hivyo, kila moja na karatasi yake ya ilikotoka.

Kingine, hanga zuri litakuuliza lenyewe ndege inalala wapi. Hewa ya chumvi ya huku kwetu inakula bati la ndege taratibu, tena halitoi kutu jekundu, linatoa unga mweupe kwenye maungio.

Bei wala isikutishe wala isikuvutie. Na siku ya kuichukua nenda mwenyewe na rubani, mdai spea zilizotolewa mzione kwa macho, na daftari la ndege liwe limesainiwa kabla hujamalizia hela yao.