"Not to go" au "to not go"? Tazama kwanza "not" inakanusha nini

Umeuliza ipi ni sahihi kati ya "I decided not to go" na "I decided to not go", na kwa nini sentensi yako "He told me to don't go" ilikatwa. Nimefundisha Kiingereza watu wazima kwa miaka mingi na swali hili hunifikia kila mara.

Hiyo iliyokatwa haina mjadala. Baada ya "to", kitenzi hakibebi wakati wala nafsi, kwa hiyo "don't" na "didn't" hazikai hapo. Sema "He told me not to go".

Hizo mbili za kwanza zote ni Kiingereza. "Not to" ndiyo ya kawaida, na kwenye mtihani au barua rasmi andika hiyo. "To not" utaisikia sana watu wakizungumza. Wanaoipinga husema inatenganisha "to" na kitenzi chake, katazo lililopata nguvu katika karne ya 19. Wanasarufi wengi wa leo hawalifuati. Mimi huikubali pale mtu anapokazia kwamba kutotenda ndio uamuzi wenyewe: "To not answer is also an answer."

Ila naona watu wanapigania hilo na kuacha jambo zito zaidi. Linganisha "The nurse was not told to give the medicine" na "The nurse was told not to give the medicine". Katika ya kwanza muuguzi hakuagizwa kutoa dawa, na huenda hakuna aliyemwambia lolote. Katika ya pili alikatazwa. Ukiandika ripoti ukakosea hapo, umebadilisha nani wa kulaumiwa. Vivyo hivyo "I didn't try to wake her" na "I tried not to wake her": mmoja hakujishughulisha kumwamsha, mwingine alinyata asimwamshe. Kwa "tell", "try", "promise" na "decide", kuhamisha "not" ni kuhamisha maana. "Seem" ni tofauti: "He doesn't seem to know" na "He seems not to know" zinakaribiana mno, ingawa ya kwanza ndiyo husemwa zaidi.

Ukieleza kusudi, usiache "not to" peke yake. "She whispered not to wake the baby" inasomeka kana kwamba alinong'ona akiagiza mtoto asiamshwe. Andika "so as not to wake the baby" au "in order not to". Lakini "Be careful not to fall" haihitaji nyongeza hiyo.

Na baada ya "had better" na "would rather", "to" haiingii kabisa: "You had better not go", "I would rather not say".