Neno gumu? Malizia aya kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama ni lazima kufungua kamusi kila ukikwama kwenye neno. Hapana, utachoka kabla ya ukurasa wa tatu. Malizia aya, kisha rudi. Chukua hii: “Giza lilipoingia wakawasha karabai, dagaa wakaanza kusogea.” Kinachowashwa gizani ni taa, na dagaa hufuata mwanga, hujaambiwa lakini umeshajua. (Mimi niliyekulia mbali na ziwa nilidhani karabai ni aina ya mtumbwi. Nililikodolea macho jina, kitenzi nikakiruka.)

Umbo la neno nalo linasema. “Walirudi mwaloni”: toa -ni ya mahali, unabaki na mwalo, wingi mialo, pale mitumbwi inapofika kushusha samaki. Shinda Kirumba, kule Mwanza kando ya ziwa, siku moja tu, utalisikia mpaka ulizoee.

Kamusi ifungue neno likijirudia na bado linakusumbua. Hapo usitafute “wakaanikiwa”, tafuta “anika”. Na soma maana zote, maana “vua” ni ya samaki na ni ya shati pia.