Jibu: SafeConfigParser haionekani baada ya kupandisha Python

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: programu ilikuwa inasoma faili la mipangilio bila shida, ukapandisha Python hadi 3.12, sasa inagoma mwanzoni kabisa ikidai haiioni SafeConfigParser, zana ya Python ya kusoma faili la mipangilio. Faili lako halina kosa, usiliguse.

Jina hilo liliondolewa kwenye 3.12, pamoja na readfp, amri yake ya kusoma faili lililokwisha kufunguliwa. Onyo lilikuwepo tangu 3.2 ya mwaka 2011, ila nani husoma maonyo? Weka ConfigParser badala ya SafeConfigParser, na read_file badala ya readfp. Kwanza angalia ujumbe wa kosa unataja faili gani. Mara nyingi mkosaji ni maktaba ya zamani uliyosakinisha, siyo msimbo wako. Hapo dawa ni kuisasisha maktaba yenyewe.

Kuna mtego ulionikesha usiku kucha. Nilibadilisha majina yote kwa mkupuo, hata RawConfigParser, ambayo huiacha alama ya % kama ilivyo, nikaigeuza ConfigParser. Faili likasomwa kimya. Kosa likaja baadaye, programu ilipoomba nywila, maana iliandikwa hivi:

nywila = moto%9baridi

ConfigParser huichukulia % kama mwanzo wa kurejelea thamani nyingine. Ama uiandike mara mbili, %%, ama utumie ConfigParser(interpolation=None). Mimi nilichukua hiyo ya pili, kwa sababu wanaohariri faili lile hawatakumbuka kamwe kurudia alama.

Ikigoma tena, bandika hapa ujumbe wote wa kosa, siyo mstari wa mwisho tu.