Gillman's, Stella, Uhuru: mambo ya kujua ukianza kuongoza wageni Kilimanjaro

Mgeni atakayekupa kazi kuliko wote ni yule anayefika Gillman's, kituo cha ukingoni mwa kreta, alfajiri, anaona ubao, anakumbatiana na wenzake, halafu unamwambia kilele bado. Kosa hilo lilifanyika jana yake mchana, pale kambini, ulipoacha kumweleza kwamba Kibo, kilele kikuu cha mlima, juu ni kama bakuli. Njia za Marangu na Rongai hutokea kambi ya Kibo, mita 4,720, na kupanda changarawe hadi mdomo wa kreta, yaani shimo la volkano: hapo ndipo Gillman's, 5,685. Njia za Machame na Lemosho kwa kawaida hutokea kambi ya Barafu na kuufikia mdomo huohuo upande wa kusini, Stella, 5,756. Uhuru, 5,895, ndiyo sehemu ya juu kabisa ya mdomo huo. Toka Gillman's hesabu saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu aliyechoka. Toka Stella, dakika 45 hadi saa nzima.

Chora duara kwenye vumbi, weka mawe matatu, kila mtu aone. Mwambie pia kwamba cheti kipo kwa vituo vyote vitatu. Mwambie mapema, maana akiwa anatetemeka atadhani unamfukuza mlimani.

Waliotangulia nao yaliwakuta. Hans Meyer, Mjerumani, alishindwa mwaka 1887. Mwaka 1888 hakuufikia hata mlima. Alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani. Mwaka 1889 alirudi na Ludwig Purtscheller wa Austria. Tarehe 3 Oktoba walikata ngazi kwenye barafu mpaka ukingoni, wakaona kilele bado kiko mbele na nguvu zimekwisha, wakateremka. Walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 wakafika. Simulia hii kambini wakati wa chai. Kule juu upepo hauruhusu hadithi.

Kuhusu wenyeji waliokuwa nao, usikate mambo kwa shoka. Marangu watakutajia Yohani Kinyala Lauwo. Maandishi ya Meyer yanamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki nao kambi ya juu. Taja wote wawili.

Meyer alikiita kilele kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Jina la Uhuru limetokana na usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera ya Tanganyika na mwenge. Gillman ni Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika ukingoni mwaka 1921. Stella ni mke wa Kingsley Latham, mpandaji kutoka Afrika Kusini, mwaka 1925. Mandara na Horombo, ambako wageni wa Marangu hulala, ni majina ya wamangi, yaani watawala, wa Kichagga: Mandara wa Moshi, Horombo wa Keni. Wageni wengi hulala humo siku zote wasijue, nasi tunanyamaza tu.

Jina la mlima wenyewe ni mtego. Utaulizwa "Kilimanjaro" maana yake nini, na utajaribiwa kutoa jibu moja. Wachagga walikuwa na majina ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima huu, kila kimoja peke yake. Wapo wanaosema ni kilima pamoja na neno njaro, lakini Mswahili angeuita mlima mkubwa namna hii kilima kwa sababu gani? Wapo wanaolitoa kwenye Kichagga, jambo linalomshinda msafiri. Toa zote mbili, sema hakuna iliyothibitishwa.

Mawenzi, 5,149, mgeni atautazama toka Horombo na kuomba mpande kesho. Hapana. Kibo unatembea, Mawenzi ni kamba na mwamba uliooza unaong'oka mkononi. Eduard Oehler na Fritz Klute ndio wa kwanza kufika juu yake, mwaka 1912, miaka 23 baada ya Kibo. Wa kutembea wanaishia kambi ya Mawenzi Tarn.

Mwisho kuna mwenye saa ya kisasa inayopima urefu wa mlima, atakayekuonyesha imesoma pungufu ya ubao. Usibishane naye. Mita 5,895 ni za upimaji wa 1952. Upimaji wa setilaiti wa 2008 ulipata takriban 5,891. Muda si mrefu atakuomba umpige picha, naye atasimama kwenye ubao wa 5,895.