Kabla hujagusa swichi ndogo za ekstenda ya faiba

Fundi mwenzangu, ukitoa ekstenda ya faiba, ile jozi ya vifaa inayopeleka picha ya HDMI mbali kwa waya wa faiba, kwenye boksi utakuta nyuma au ubavuni mwake safu ya swichi ndogo zenye namba, na neno ON limeandikwa kwenye plastiki yake. Kumbi nyingi za Dar es Salaam ninazoitwa kwa sababu picha imegoma, nakuta vifaa ni vizima na faiba ni nzima. Tatizo liko kwenye zile swichi. Ziliachwa kama zilivyotoka kiwandani, au mtu alizipandisha na kuzishusha mpaka picha ikatokea, akafunga raki akaondoka. Jumamosi inayofuata MC anakuja na laptopu nyingine, skrini inabaki nyeusi mbele ya wageni.

Ninachosisitiza kila mahali ni kimoja: ukumbi unaopokea laptopu za watu mbalimbali usiiachie skrini iamue aina ya picha. Amua wewe, na uamuzi huo ukae kwenye kitumaji, kile cha upande wa laptopu kilichoandikwa TX. Mwenzake wa upande wa skrini ni kipokezi, RX.

Kila skrini au projekta ina maelezo yake yanayoitwa EDID. Ukichomeka HDMI, laptopu inayasoma ili ijue itume picha ya ukubwa gani na sauti ya aina gani. Ekstenda inakaa katikati ya mazungumzo hayo. Swichi zikiwa upande wa kunakili, maelezo ya skrini husafiri kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye laptopu. Zikiwa upande wa EDID ya ndani, kitumaji chenyewe ndicho kinachojibu, skrini iwe imewaka au imezimwa. Kunakili kunafaa pale penye kompyuta moja na skrini moja zisizobadilika. Kwenye ukumbi wa harusi au kanisa, hapana.

Fikiria umeme unapokatika katikati ya sherehe. Jenereta inawaka, kitumaji kinarudi upesi, lakini skrini kubwa ya LED na prosesa yake bado vinaamka. Kitumaji cha kunakili kinauliza maelezo, hakuna anayejibu. Laptopu inaona skrini ya pili haipo, inahamishia madirisha yote kwenye kioo chake, na aliyekuwa anaonyesha slaidi anaanza kuhangaika mbele ya watu. EDID ikiwa ndani ya kitumaji, laptopu inaendelea kuona skrini ileile muda wote kitumaji kina umeme.

Sasa uchague ukubwa gani? Wateja wengi wanataka 4K kwa sababu wamelipia 4K. Piga hesabu kwanza. HDMI ya 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde inahitaji karibu gigabiti 4.5 kwa sekunde. 4K kwa fremu 30 inahitaji karibu 9. 4K kwa fremu 60 yenye rangi kamili inakaribia 18. Moduli ya gigabiti 10, kile kipande kinachogeuza ishara kuwa mwanga wa faiba, haiwezi kubeba hizo 18 bila kubana picha au kupunguza taarifa za rangi. Rangi ikipunguzwa, video ya harusi haionyeshi tofauti, ila maneno ya nyimbo za kwaya yaliyoandikwa kwa herufi nyembamba nyekundu juu ya nyeusi huwa na kingo zenye ukungu. Mimi huweka 1080p kwa fremu 60 yenye rangi kamili. Waumini wanaoketi nyuma wanasoma bila kukaza macho, na laptopu ya zamani ya mwenyekiti wa kamati nayo inafanya kazi.

Kwenye jedwali la swichi lililo kwenye kijitabu, angalia na sauti. Chagua mstari unaosema PCM ya chaneli 2, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa. Ukinakili EDID ya televisheni inayokubali Dolby, sauti iliyobanwa, chanzo kinaweza kutuma Dolby, na tundu la sauti ya analogi kwenye vipokezi vingi haliwezi kuifungua. Picha inakuwa safi, spika kimya, na fundi wa mikseri anabadilisha waya baada ya waya bila sababu. Ukikuta ukimya wa namna hiyo, anzia kwenye EDID kabla hujagusa mikseri.

Kuna ekstenda zenye swichi ya HDCP, ule ulinzi wa hakimiliki. Laptopu za Apple huifunga picha kwa ulinzi huo pindi kifaa cha upande wa pili kinaposema kinaukubali, hata kama unaonyesha slaidi za ndoa tu. Skrini itaonyesha vizuri, lakini kifaa cha kurekodi au kurusha mubashara kitapata weusi. Ukiizima HDCP kwenye ingizo la kitumaji, slaidi hupita wazi na ibada inarushwa. Filamu ya kulipia haitatoka, na hilo mweleze mteja mapema.

Swichi ya RS-232, lile tundu la waya wa amri, huamua kama tundu hilo linapitisha amri za kuwasha projekta au linatumika kusasisha programu ya ekstenda yenyewe. Isome kwenye kijitabu, iweke upande wa kupitisha kwenye vifaa vyote viwili, basi.

Namna ya kuzigusa: chomoa umeme kwanza, kwa sababu vifaa vingi husoma swichi wakati wa kuwaka tu, na ukizibadilisha kikiwa kimewaka utadhani hazifanyi kazi. Tumia bisibisi ndogo bapa. Penseli iache, unga wake unapitisha umeme. Usiamini kwamba juu ni ON. Tazama lilikoandikwa neno lenyewe, maana kifaa kikifungwa kichwa chini kwenye raki kila kitu kinageuka. Washa skrini, kisha kipokezi, kisha kitumaji, laptopu iwe ya mwisho. Na usichungulie kamwe ncha ya faiba au tundu la moduli kuona kama kuna mwanga: mwanga wa nanomita 1310 hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Kabla ya kukabidhi kazi, jaribu kwa laptopu ya Windows na ya Apple, kisha zima umeme wa skrini peke yake uone kama laptopu inabaki tulivu. Halafu bandika ndani ya mlango wa raki karatasi yenye namba ya kila swichi na hali yake, kwa TX na kwa RX, pamoja na sababu: “1080p, PCM 2, HDCP imezimwa kwa ajili ya kurekodi.” Sababu usiiache. Fundi atakayekuja baada yako akiona namba tupu atazibadilisha.